Mtoto Mwenye Tundu Moyoni: Mume na Mke Waamueje?



Wapendwa wanandoa, katika ukurasa wetu huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya kila siku: fedha za nyumbani, wakwe, ulevi, ukimya wa mume, maneno ya mke. Leo nawaomba tuangalie jambo ambalo huziangukia nyumba chache, lakini likianguka hutikisa msingi. Mtoto amezaliwa, amepewa jina la babu au la bibi yake, majirani wamekuja kumwona, na baada ya miezi michache daktari anasema: "Mtoto huyu ana kasoro ya moyo. Anahitaji kupasuliwa."

Hapo maswali mawili huingia nyumbani kwa pamoja. La kwanza ni, "Nani ameleta jambo hili?" La pili ni, "Tutauza mali yetu mpaka wapi?" Wengi hudhani maswali haya hayahusiani. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba yanahusiana sana, na kwamba nyumba isiyolimaliza la kwanza haiwezi kulijibu la pili kwa haki.

Ugonjwa wenyewe

Kwanza tuujue ugonjwa, maana ujinga ni mama wa hofu. Moyo wa mtoto huumbika mapema mno. Kufikia juma la nane la mimba, vyumba vyake vinne na kuta zake zimekwisha kujengwa. Wakati huo wanawake wengi ndiyo kwanza wanaanza kushuku kwamba ni wajawazito. Kasoro nyingi hutokea katika majuma hayo. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wapatao 8 au 9 wana kasoro fulani ya moyo. Basi si ugonjwa wa ajabu, wala si wa ukoo mmoja.

Kasoro ziko za namna nyingi. Iliyo ya kawaida zaidi ni tundu katika ukuta unaotenga upande wa kulia na wa kushoto. Tundu dogo huweza kuziba lenyewe mtoto akikua, bila kisu. Tundu kubwa hupeleka damu nyingi mno mapafuni. Mtoto huhema mbio, hutoka jasho kichwani anaponyonya, huchoka kabla ya kushiba, haongezeki uzito, na kichomi humrudia mara kwa mara. Kasoro nyingine huzuia damu isifike mapafuni ya kutosha, na mtoto huyo huwa na rangi ya samawati. Kwa ngozi zetu nyeusi rangi hiyo haionekani upesi, hivyo mwangalieni ulimi na ufizi. Mkiona dalili hizi msingoje siku ya kliniki ya mwezi ujao. Nendeni kwa daktari siku hiyo hiyo, na ombeni moyo usikilizwe.

"Nani ameleta?"

Hapa kwetu Lamu, tangu visiwa vya Amu, Manda na Pate mpaka bara ya Hindi, Mpeketoni na Witu, sisi ni watu wa makabila mengi na dini zaidi ya moja, lakini swali hili tunaliuliza kwa sauti moja. Mmoja atasema ni jicho la hasidi. Mwingine atasema ni jini. Upande wa mume watasema, "Ukoo wetu hauna ugonjwa huu." Upande wa mke watauliza mume alikuwa akitembea wapi. Mama mkwe atakumbuka kwamba mke alibeba ndoo za maji akiwa mjamzito, au alimeza vidonge, au alijibizana na wakubwa. Hata ndani ya Kanisa hakosekani wa kunong'ona kwamba ni adhabu, kwa sababu wale wawili walikaa pamoja miaka mingi kabla ya kufunga ndoa.

Swali hili Bwana wetu aliulizwa. Katika Injili ya Yohane, sura ya tisa, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana hakuchagua upande. Alikataa yote mawili, akawaelekeza kwenye kazi ya Mungu itakayoonekana kwa mtu yule. Kisha akatema mate, akafanya tope, akaanza kazi. Tazameni utaratibu wake: kwanza aliondoa lawama, ndipo akatibu.

Madaktari nao wanatuambia kwamba kwa watoto walio wengi sababu haijulikani. Yako mambo yanayojulikana kuongeza hatari: mama kupata rubela mwanzoni mwa mimba, kisukari kisichodhibitiwa, pombe, baadhi ya dawa za kifafa. Tena kati ya watoto wenye hali ya Down, karibu nusu huwa na kasoro ya moyo. Daktari huuliza mambo haya ili atibu na kukinga mimba ijayo. Haulizi ili kumtafuta mkosaji. Lakini kubeba ndoo, ugomvi wa wakwe, na jicho la jirani havitoboi moyo wa mtoto.

Tena tukumbuke tulivyofundishwa katika katekisimu: hatia inahitaji kujua na kutaka. Mama aliyekunywa dawa kabla ya kujua kwamba ana mimba hakujua wala hakutaka. Anaweza kuwa na huzuni, lakini hatia hana, na asiungame dhambi ambayo hakuitenda.

Lawama ni mshauri mbaya

Nitawaeleza habari za nyumba moja. Wenyewe wamekubali, nami nimebadili mambo kadhaa ili wasitambulike. Mume ni mwashi, hujenga Shela na Manda. Mke huuza mboga sokoni Amu. Wana watoto watatu shuleni, na upande wa Mpeketoni wana ekari tano ambazo mume aliachiwa na baba yake. Mtoto wa nne ni binti. Akiwa na miezi sita alikuwa na kilo nne na nusu tu. Walivuka kwa boti mpaka Mokowe, wakapanda basi la kwenda Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 300. Picha ya moyo ikaonyesha tundu kubwa. Wakaambiwa apasuliwe Nairobi, na mapema, kwa maana tundu kubwa likiachwa kwa miaka huharibu mishipa ya mapafu, mpaka hufika mahali ambapo upasuaji hauwezi tena kusaidia.

Waliporudi nyumbani mke alisema, "Tuuze shamba lote, hata kesho." Mume alinyamaza siku nne. Mtu wa nje angesema mama ana upendo na baba ana moyo mgumu. Sivyo ilivyokuwa. Mke alikuwa amekunywa dawa chungu ya miti shamba kabla ya kujua ana mimba, na hakuwa amemwambia mtu. Shamba kwake lilikuwa fidia. Mume naye alikuwa amekwisha kuambiwa na dada zake kwamba mke ndiye aliyeleta mkosi, na ndani ya moyo wake hakuona kwa nini ardhi ya baba yake ilipe deni la mwingine. Hakuna kati yao aliyekuwa akimtazama mtoto. Mke alilitazama kosa lake, na mume alilitazama kosa la mke.

Hii ndiyo hatari ninayotaka muione. Anayejilaumu hutoa kupita kiasi, kwa sababu anataka kujitakasa. Anayemlaumu mwenzake hutoa pungufu, kwa sababu anataka kuadhibu. Wawili hao wakikaa kupima, mizani yao ni kama ile ya muuza samaki asiye mwaminifu aliyefunga jiwe chini ya sahani: chochote utakachoweka juu yake, uzito utakaosoma si wa kweli.

Waliporudi Mombasa kwa kliniki walikwenda wote wawili. Daktari aliwachorea moyo kwenye karatasi, akawaonyesha tundu. Mke akajikaza, akauliza juu ya ile dawa mbele ya mumewe. Daktari akasema haoni sababu ya kuihusisha dawa ile na tundu hilo, tena mama hakujua kwamba ana mimba. Walikaa kimya mpaka stendi ya basi. Hapo mume akasema, "Mama watoto, neno hili tusiulizane tena." Mke akajibu, "Basi sasa tuhesabu." Nao wakahesabu kwa namna nyingine kabisa. Hawakuuza shamba lote, wala hawakukataa kuuza. Waliuza ekari moja na nusu, iliyobaki wakaiweka kwa ajili ya watoto wote wanne, na kilichopungua wakaenda kukiomba kwa watu bila haya.

Kanisa linafundisha nini

Sasa tuje kwenye swali la pili. Je, mzazi Mkatoliki anawajibika kuuza kila kitu ili mtoto apasuliwe?

Tarehe 24 Novemba 1957, Papa Pius XII alijibu maswali ya madaktari juu ya jambo hili. Alifundisha kwamba mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, na njia hizo hupimwa kwa kutazama mtu, mahali, na wakati. Hawajibiki kutumia njia zinazomletea yeye au wengine mzigo mkubwa mno. Mwaka 1980 Idara ya Mafundisho ya Imani ilirudia fundisho hilo katika tamko lake juu ya eutanasia, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, inalo pia. Mgonjwa akiwa hawezi kusema, kama mtoto mchanga, wanaoamua ni wale wenye haki ya kusema kwa niaba yake, nao ni wazazi.

Angalieni neno hili, "mtu, mahali, na wakati". Upasuaji ule ule unaweza kuwa njia ya kawaida kwa mwenye bima anayeishi Nairobi karibu na hospitali, na ukawa mzigo usiobebeka kwa mvuvi wa Faza asiye na bima, ambaye hata kuvuka Mkanda humbidi angoje maji yajae. Basi tusiwahukumu wenzetu kwa kutumia mfuko wetu.

Lakini tusilifanye fundisho hili kuwa maficho ya wavivu. Ikiwa kasoro ni ile inayotibika, na madaktari wanasema mtoto akishapona ataishi na kucheza kama wenzake, wazazi wanawajibika kujitahidi kwelikweli: kufuata rufaa, kutafuta bima, kuuliza, kuomba, na kuuza kinachoweza kuuzwa bila kuibomoa nyumba. Kuuza mbuzi, injini ya boti ya akiba, au sehemu ya shamba kunauma, lakini uchungu peke yake hauwi mzigo mkubwa mno. Kuwatoa watoto watatu shuleni na kuwaacha bila pa kulala, huo ni mzigo mwingine.

Pia ziko kasoro ngumu ambazo madaktari husema wazi kwamba kisu kitaongeza maumivu na hakitaongeza uhai wa maana. Hapo wazazi wana haki ya kusema, "Inatosha." Si dhambi, wala hawakumwua mtoto. Hata hivyo kuna yasiyokomeshwa kamwe: maziwa, joto, usafi, dawa ya kutuliza maumivu, na mikono ya kumbeba.

Tuupime mzigo wa matibabu, tusiupime mzigo wa mtoto

Hapa ndipo penye mpaka, naomba msome polepole. Wazazi wanaruhusiwa kuuliza, "Matibabu haya ni mazito kiasi gani?" Hawaruhusiwi kuuliza, "Mtoto huyu ana thamani kiasi gani?" Maswali haya hufanana kwa sauti, lakini moja linatoka kwa Mungu na jingine halitoki kwake.

Nimesikia wakisema, "Angekuwa wa kiume tungejaribu." Nimesikia pia, "Kwa kuwa ana Down, ya nini kuhangaika?" Aliyesema hivyo amekwisha kutoka katika mafundisho ya Kanisa, hata kama fedha kweli hana. Kama tundu la mtoto mwenye Down linazibika kama la mwingine, haki yake ya kuzibwa ni ile ile. Ikiwa sababu yenu ya kusita isingekuwapo kama mtoto angekuwa wa kiume, au mzaliwa wa kwanza, au mwenye akili za kawaida, basi mnampima mtoto wala hampimi matibabu. Rudini mwanzo.

Nani aamue?

Katika ndoa takatifu wawili wamekuwa mwili mmoja. Kwa hiyo uamuzi huu si wa mume peke yake kwa sababu ndiye mwenye hati ya shamba, wala si wa mke peke yake kwa sababu ndiye aliyezaa. Wazee wasikilizwe, maana wameona mengi, lakini wakishasema wanyamaze, nanyi wawili mwingie chumbani mfunge mlango.

Kwetu mara nyingi mama hubaki wodini na mtoto majuma mengi, na baba hubaki nyumbani akitafuta fedha. Mama anauona ugonjwa lakini haoni deni. Baba analiona deni lakini haoni ugonjwa. Kila mmoja anao ukweli nusu, na anamwona mwenzake hana huruma au hana akili. Dawa yake ni moja: angalau mara moja kabla ya kuamua, msikieni daktari mkiwa pamoja. Nauli ya baba kwenda Mombasa si hasara.

Mkifika, ulizeni bila woga. Kasoro hii inaitwaje, na isipotibiwa nini kitatokea? Je, kuna haraka, au tunaweza kungoja mtoto aongeze uzito? Akipasuliwa, atahitaji kurudi tena? Kwa watoto kama huyu, wanaopona ni wangapi katika kumi? Damu itahitajika kiasi gani, na ndugu zetu waje kutoa lini? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kulala, dawa, na kliniki za baadaye? Daktari mwema hachukizwi na maswali haya.

Jumuiya inaweza kubadilisha jibu

Ikiwa uzito wa mzigo hutegemea mtu na mahali, basi hutegemea pia idadi ya mabega. Kisichowezekana kwa wawili kinawezekana kwa mia. Kwa hiyo sisi majirani si watazamaji tu wa uamuzi huu. Tukisaidia, njia iliyokuwa nzito mno inakuwa ya kawaida, na tukikaa kimya inabaki nzito. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mifano ipo. Hospitali ya Mater, Nairobi, iliyoanzishwa na Masista wa Huruma mwaka 1962, ilianza mwaka 1993 mbio za kukusanya fedha ili watoto wa maskini wapasuliwe moyo, na maelfu ya watu wamekimbia au kutembea kwa ajili ya watoto wasiowajua. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, watoto wengi, wakiwamo wa Unguja na Pemba, wamepelekwa Holon, Israeli, na shirika la Save a Child's Heart, lililoanzishwa mwaka 1995 na daktari Ami Cohen. Daktari huyo alifariki mwaka 2001 akipanda Mlima Kilimanjaro. Watoto wa Kiislamu wamezibwa mioyo na mikono ya Wayahudi, mama zao wakingoja mlangoni. Daktari Mtanzania, Godwin Godfrey, alisomea huko upasuaji wa moyo wa watoto, akarudi kuwatibu watoto wa kwao. Na tangu mwaka 2015 Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Hapa Kenya, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Jiandikisheni kabla ya ugonjwa, mwandikisheni na mtoto mara anapozaliwa, na mwulizeni afisa wa hospitali bima italipa nini na nini kitabaki kwenu. Wengi wamechelewa kwa kukosa karatasi tu, hasa cheti cha kuzaliwa.

Ile nyumba ya mwashi ilichangiwa na Jumuiya Ndogo Ndogo, na mafundi wenzake, na wauza mboga wa soko la Amu, ambao wengi wao ni Waislamu. Mzee mmoja baada ya sala ya Ijumaa alipitisha kofia yake barazani. Hakuuliza mtoto ni wa dini gani.

Sakramenti zisingoje

Jambo hili linanihusu kama katekista. Mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kuchelewa. Padre au shemasi akikosekana, mtu yeyote mwenye nia ya kutenda lile Kanisa linalotenda anaweza kummwagia maji kichwani akitamka maneno ya ubatizo tunayoyajua sote. Halafu paroko apashwe habari ili aandike katika kitabu. Watu wachache wanajua kwamba padre yeyote anaweza pia kumpa Kipaimara mtoto mchanga aliye katika hatari hiyo. Mpako wa Wagonjwa ni kwa waliofikia umri wa kutumia akili, hivyo kwa mtoto mchanga ombeni baraka. Na ikitokea amefariki kabla ya ubatizo mliokusudia, Kanisa linaweza kuruhusu azikwe kwa ibada yake. Msikubali kuambiwa kwamba amepotea.

Matokeo si hakimu

Nimeacha la mwisho lililo gumu. Tumezoea kuhukumu uamuzi kwa mwisho wake. Mtoto akipona, wazazi walikuwa na imani. Akifa, walikosea. Hii si haki.

Tarehe 29 Novemba 1944, huko Baltimore, Marekani, mtoto mmoja aliyeitwa Eileen Saxon alipasuliwa. Alikuwa na kasoro ile inayomfanya mtoto kuwa wa samawati, na uzito wake ulikuwa kama kilo nne, ingawa alikuwa amepita mwaka mmoja. Wazo la kuunganisha mishipa lilitoka kwa daktari wa watoto Helen Taussig. Aliyeupasua mwili alikuwa Alfred Blalock. Nyuma yake alisimama Vivien Thomas, Mmarekani Mweusi asiye na shahada ya udaktari, akimwelekeza, kwa sababu yeye ndiye aliyeijaribu kazi ile kwa mikono yake katika maabara. Eileen alipata nafuu, kisha akazidiwa tena, akafariki mwaka 1945 kabla ya kutimiza miaka miwili. Je, wazazi wake walikosea? Kwa njia iliyofunguliwa na mtoto yule, maelfu wamepona.

Namjua pia mume na mke wengine, wa upande wa Witu. Mtoto wao alikuwa na kasoro nyingi kwa pamoja, na madaktari waliwaambia kwa upole kwamba kisu hakitamfaa. Walirudi naye nyumbani, akabatizwa na kupewa Kipaimara, akalala kifuani mwa mama yake majuma kumi na moja. Baba alijifunza kumpa maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, usiku, ili mama apate usingizi. Alipofariki watu walisema hawakujitahidi. Lakini wale wawili walikuwa wameamua pamoja, baada ya kuuliza, baada ya kusali, bila kulaumiana. Ndoa yao leo ni imara kuliko nyingine ninazozijua ambazo mtoto alipona, lakini deni na lawama vikabaki mezani.

Binti wa mwashi alipasuliwa, na leo anakimbia. Ana kovu refu katikati ya kifua. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nawaambia kweli, uamuzi wa wazazi wake ulikuwa mwema tangu siku walipohesabu pamoja, kabla hawajajua kama atapona. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wazazi ni wawili.

Zungumzeni wawili

Jioni moja juma hili, watoto wakishalala, mume na mke someni tena ukurasa huu, kisha mwulizane:

1. Je, liko jambo lililowahi kumpata mtoto wetu ambalo mmoja wetu bado anamlaumu mwenzake, au anajilaumu mwenyewe kimya kimya?

2. Tukiambiwa leo mtoto wetu anahitaji matibabu makubwa, nini tungeuza kwanza, na nini tusingeuza kwa sababu ni haki ya watoto wengine?

3. Nani katika ukoo tungemsikiliza, na tungemwambiaje kwa heshima kwamba uamuzi ni wetu?

4. Bima yetu na vyeti vya watoto viko wapi?

5. Katika Jumuiya yetu, ni nyumba gani yenye mtoto mgonjwa ambayo hatujaitembelea?

Na wale mliopata mtoto wa namna hii mnaoogopa kuzaa tena, mwulizeni daktari juu ya hali yenu. Kwa kawaida, mtoto mmoja akiwa na kasoro, hatari kwa anayefuata huongezeka kidogo tu, hufika kama 2 au 3 katika 100. Zungumzeni, salini, pangeni kwa njia zinazokubaliwa na Kanisa, wala mmoja asimlazimishe mwenziwe.

Mungu azibariki nyumba zenu, na Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.